Mume Wangu Simnyimi Chakula

Siku ya soko, mume wangu Masereka hutoka alfajiri. Huenda Kasenyi kununua samaki kwa wavuvi, huwafunga nyuma ya pikipiki na kuwaleta hapa Bwera. Mimi huwauza sokoni. Kazi hiyo ndiyo inayosomesha watoto wetu wanne, Phionah na wadogo zake.

Jina langu ni Evas. Watu husema nina mdomo. Sawa, ninao! Leo nitautumia.

Mwaka 2014 Masereka alikuwa na kiu isiyoisha. Kwenye kituo cha afya walimpima, wakamwambia ana ugonjwa wa sukari. Walimpa dawa. Walitufundisha pia jinsi ya kula. Zamani sahani yake ilikuwa ugali wa muhogo mtupu, mchuzi kidogo pembeni. Chai aliweka vijiko vitano vya sukari. Tukabadilisha. Nusu ya sahani ikawa mboga: sombe, yaani majani ya muhogo, au mchicha tunaouita dodo. Robo ikawa ugali. Robo ikawa samaki au maharage. Chai ikawa bila sukari, na soda tukaacha.

Baada ya miezi minne sukari ilishuka. Tumbo nalo likapungua. Nilifurahi.

Lakini Masereka alikuwa ameniambia, "Evas, usimwambie mtu kwamba nina sukari. Wateja watanikimbia."

Nikakubali. Mimi, mwenye mdomo, nikanyamaza!

Basi sokoni wakaanza. "Masereka amekonda. Ana UKIMWI." Wengine wakasema mke wake anamnyima chakula. Na hata kama ingekuwa UKIMWI, jamani, mgonjwa huchekwa?

Siku moja dada yake Biira alikuja kutoka Kitswamba. Alikuja na jogoo na kreti ya soda. Hakuniamkia hata.

"Wifi, ndugu yetu alikuwa mutu munene, mutu wa heshima," alisema. "Sasa iko mifupa. Unamupa nini kula?"

Nilimtazama Masereka. Nilingoja aseme neno moja tu. Yeye alitazama chini. Biira akaingia jikoni kwangu, akasonga ugali wa kushibisha watu watatu, akamfungulia soda. Masereka akala chote. Moyo wangu uliwaka.

Biira alipoondoka nilimuuliza Masereka, "Kwa nini?"

"Nimechoka kuitwa maiti," alijibu. "Leo nimeshaharibu. Nitaanza tena Januari."

Januari ikapita. Akasema baada ya Pasaka. Pasaka ikapita. Sukari ikarudi kwenye chai, soda akawa anainywa njiani, na dawa akawa anameza siku moja, siku mbili anaacha.

Mwezi wa sita akapata kidonda kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Hakikupona. Daktari hakumficha kitu. "Sukari yako iko juu sana. Ikibaki hivi, tutakata kidole. Baadaye huenda tukakata mguu."

Mguu wa kushoto ndio wa kubadilishia gia. Bila huo hakuna pikipiki, hakuna samaki, hakuna karo.

Nilikaa uani nikalia kwa hasira. Jirani yangu Hanifah alinisikia. Hanifah anauza vitenge, na pia ni mhudumu wa afya wa kijiji. Aliingia, akaketi mbele ya Masereka.

"Baba Phionah, nini kilikuharibia mguu?"

"Ule ugali wa Biira," alisema Masereka.

"Wacha! Sahani moja haiozeshi kidole. Kilichokuumiza ni miezi yote uliyosema utaanza kesho. Ukiteleza njiani kwenda shambani, unarudi nyumbani kulala?"

"Hapana. Naamka, naendelea."

"Basi na chakula ni hivyo hivyo. Ukikosea mchana, jioni rudi kwenye sahani yako. Usingoje Januari. Dawa usiache hata siku moja. Na nyumba nzima mle chakula kimoja, usile peke yako kama mfungwa."

"Na kwenye sherehe?" niliuliza.

"Ale kidogo nyumbani kabla ya kwenda. Huko aombe maji. Na awe na jibu tayari."

"Jibu gani?" Masereka aliuliza.

"Ukweli! Uliiba nini hata unajificha? Wewe umenyamaza, mke wako anatukanwa."

 Jioni hiyo Masereka alikula sombe.

Mwezi wa nane binti wa Biira aliolewa. Kidonda kilikuwa kimeanza kukauka. Biira alimletea Masereka ugali mkubwa na soda mbili, mbele ya wazee. "Kula, ndugu. Hapa hakuna mutu wa kukunyima."

Watu wakacheka. Mimi nikauma meno.

Masereka akasimama. "Dada, nina ugonjwa wa sukari. Nilikaribia kukatwa mguu huu. Evas hajaninyima chakula hata siku moja. Amekuwa akiniponya, nami nimemwacha atukanwe. Naomba maji."

Kicheko kilikwisha. Mzee mmoja akamwita kijana alete maji.

Kidonda kilifunga mwezi wa kumi. Krismasi Masereka alikunywa soda, jioni akarudi kwenye dodo na maharage. Pasaka alikosea tena, akarudi tena. Sasa ni mwaka wa tatu, na bado anaendesha pikipiki hadi Kasenyi, miguu yake yote miwili ipo. Wateja? Hakuna hata mmoja aliyekimbia.

Juzi Biira alikuja bila kreti. Alinivuta pembeni.

"Wifi," alisema kwa sauti ndogo, "kiu inanisumbua. Usiku naamka kukojoa mara nne, mara tano. Ile kituo yenu inapima siku gani?"

Lo! Nilikuwa na maneno yake tumboni tangu mwaka ule wa kreti ya soda. Yalinifika kooni.

"Jumatano," nilimwambia. "Saa mbili asubuhi nitakupeleka mwenyewe. Nikishajua umepata dawa, ndipo nitakutukana."