Megahezi Nne Shimoni

Magogo yalipangwa juu, yakafuata majani ya mgomba, kisha udongo. Giza totoro.

"Lala salama, dada wa serikali," Mbonimpa alicheka huko juu. "Gideon wako tunammalizia Murongo, mpakani, kabla ya kuvuka mto."

Fuso lililojaa kahawa ya magendo likanguruma, likaondoka. Gideon alikuwemo, akijifanya utingo, hana habari kwamba ameshajulikana.

Na Kokwijuka, mpelelezi mwenzake, alikuwa amefukiwa hai ndani ya shimo la kuivishia ndizi za pombe, kijijini Rugera.

Moshi wa moto uliowashwa pembeni ya shimo ukaanza kuingia.

Bastola yake, Glock, walikuwa nayo. Simu pia. Buti walimwachia, wajinga wale!

Akabandua soli, akatoa mtambo mdogo wa kurushia ujumbe aliouunda mwenyewe. Kipimo cha betri kikasoma volti 2.4.

Akaandika namba ya lori, akabonyeza. Taa ikawaka, ikazimika.

"Shenzi!"

Chipu ilikuwa imewekwa kwenye megahezi kumi na sita. Kasi hiyo inataka karibu volti tano. Akasogeza swichi hadi nane, kidole kikasita. Nane inataka volti 2.7. Kwa betri hizi chipu ingeweza kuamka vizuri tu, halafu ikaboronga. Tarakimu moja ikiharibika, polisi watasimamisha Fuso lingine na Gideon atauawa.

Nne ilikuwa salama. Lakini nne ingejikongoja, na yeye pumzi zilikuwa zinamwishia.

Aliogopa, jamani. Jasusi naye ana mapafu.

Akaweka nne.

Taa ikawaka, ikabaki inawaka. Ujumbe ukatoka herufi moja moja, kama bibi anayechambua maharage. Kokwijuka akabana pua kwenye udongo, machozi yakimchuruzika, mkono haubanduki kwenye mtambo.

Taa ikapepesa mara mbili. Umepokelewa.

Akajaribu kusukuma magogo. Wapi! Akakohoa mpaka nguvu zikamwisha.

Mbonimpa, mgeni hapa Karagwe, alidhani shimo halina mwenyewe. Hakujua kwamba huku moshi wa shimo la ndizi ni tangazo: rubisi, pombe ya ndizi, inakuja, na mwenye shimo huuona toka mbali.

"Ee! Nani anavukiza shimo langu, nami sijakata hata mkungu?" sauti ya mwanamke ikafoka huko juu.

Jembe likagonga gogo. Mwanga ukamwagika ndani.

"Shikamoo, mama," Kokwijuka alikohoa.

"Marahaba!" Mama Prudensia, mwenye shimo, aliruka nyuma. "We mwanangu, unaiva humo?"

Dusabe, mlinzi wa Mbonimpa aliyeachwa achochee moto, akaja mbio na panga. Kokwijuka akamtandika teke la goti, akamlaza chini, akampokonya simu. Akampigia Rwegasira, mkuu wake.

"Ujumbe wako ulitambaa kweli," Rwegasira alisema.

"Ulifika sahihi?"

"Namba yote. Fuso tumelizuia Nyakahanga. Mbonimpa ana pingu."

"Gideon?"

Simu ikapokezwa mtu.

"Nipo, dada," sauti nyingine ikasema. "Walikuwa wameshanifunga kamba."

Kokwijuka alilia waziwazi, akasingizia moshi. Akamfunga Dusabe kwa kamba za migomba, akamwachia Mama Prudensia amlinde kwa jembe. Kisha akajikung'uta udongo, akashuka taratibu kwenda barabarani kutafuta bodaboda.