Kufuli la Dozi Tatu

Kibandiko kitulizi kwenye mkono wa Bi Mwanamvua kilihisi kichefuchefu kabla mwenyewe hajakihisi. Kikapima jasho na mapigo ya moyo, kikapenyeza tone la dawa ndani ya ngozi, na bibi wa watu akaendelea kusonga ugali. Jiji zima la Ukwaju Mpya lilivaa vibandiko hivyo, na kutapika kulikuwa kumesahaulika.

Siku ya tisa tangu tone lile la kwanza, alianguka jikoni.

Binti yake, Stumai, ndiye mhandisi aliyekibuni kibandiko hicho. Alimkuta hospitali, tumbo limewambwa kama ngoma, na Daktari Nyamizi akisoma kumbukumbu za kibandiko bila kuficha hasira: dozi arobaini na moja. Utumbo ulikuwa umejisokota. Matapishi yangemleta hospitali siku ile ya kwanza, lakini dawa iliyazuia na ugonjwa ukaendelea kumla kimyakimya.

“Dawa hii ni ya siku moja, mbili,” alisema daktari. “Ukizidi hapo, au tumbo likiuma na kuvimba, unatakiwa uonwe. Hiki kidude kilimwambia nini?”

Hakikumwambia kitu. Vibandiko vya mwanzo vilikuwa na kufuli: baada ya dozi tatu vilizuia dawa na kupiga kelele mpaka mvaaji aende kwa daktari. Wateja wakalalamika kwamba vinawasumbua. Mkurugenzi wa kampuni, Lyatuu, akaamuru kufuli litolewe, na Stumai, aliyeijua vizuri hatari yake, akalitoa, akapandishwa cheo. Sasa alitamani kumrarua Lyatuu, na kila alipomlaani, laana ilimrudia mwenyewe.

Muuguzi alitaka kukibandua kibandiko kabla ya upasuaji. Bi Mwanamvua akakataa.

“Kiacheni, ni kazi ya mwanangu. Majirani walinihimiza nije, nikawaambia mwanangu hawezi kunivalisha kitu kibaya.”

Stumai alikibandua mwenyewe.

“Mama, kilitakiwa kikuambie. Mimi ndiye niliyekinyamazisha.”

Mama alimtazama mpaka wakamsukuma ndani ya chumba cha upasuaji.

Palepale kwenye benchi la korido, Stumai aliingia kwenye mitambo ya kampuni kwa namba yake ya siri na kulirudisha kufuli kwenye vibandiko vyote vya jiji. Lyatuu akapiga simu akifoka kwamba amemfukuza kazi. Akamkatia simu. Korido nzima ilikuwa imeanza kulia, mkono baada ya mkono: “Dozi tatu zimekwisha. Nenda kwa daktari.”

Na kile cha mama yake, alichokuwa amekifumbata, nacho kikalia, kimechelewa siku nane.