Losaline na Kibao cha Kuchorea

Kila alasiri akitoka shuleni, Losaline alivua sare, akala muhogo uliobaki mchana, kisha akaenda kwa shangazi yake, Kalolaine. Tangu barabarani alisikia magongo yakigonga ko, ko, ko. Akina mama walikuwa wakiponda magome ili watengeneze ngatu, kitambaa kirefu cha harusi ya Lupe, binti wa shangazi.

Safari hii Shangazi alitaka kiolezo kipya, ule mchoro unaoshonwa kwa njiti za mnazi. Kitambaa hutandikwa juu yake, kikisuguliwa rangi, mchoro hujitokeza. Kazi ya kuuchora alimpa Losaline, mwenye miaka kumi na miwili, kwa sababu kaka wa msichana huyo, aliyeko ng'ambo huko Auckland, alikuwa amemtumia kibao cha kuchorea.

Kilikuwa kibao cheusi, chembamba, kitupu. Ukikiunganisha na kompyuta na kupitisha kalamu yake juu, mstari hautokei hapo; unatokea kwenye kioo cha kompyuta. Ukigusa kidogo, unakuwa mwembamba kama unywele. Ukikandamiza, unanenepa. Losaline alikipenda kupita kiasi, ila mkono haukumtii. Alichora duara, likatoka kiazi. Alihangaika siku tatu, na akina mama walipanga kushona kiolezo kesho yake.

Basi akatafuta njia ya mkato. Alikuwa na picha ya ngatu moja nzuri aliyoipiga kwenye sherehe mwaka uliopita. Akaiweka kwenye kompyuta, akaifuatiza kwa kalamu mstari kwa mstari, kisha akaiondoa picha. Mchoro ukabaki peke yake, safi, kama wa kwake.

Rafiki yake Vika akaja kuuona.

"Umechora mwenyewe?"

"Kwani nani mwingine?"

Vika akasogeza uso karibu na kioo. "Mbona huu ni mchoro wa mapezi ya papa wa akina mama wa kisiwa cha jirani? Si ndiko kwao bwana harusi? Yaani tuwabebee zawadi yenye mchoro wao wenyewe! Watamcheka shangazi yako mpaka azeeke."

Losaline akamwona Shangazi akilini, amesimama mbele za watu, kitambaa kikikunjuliwa, na wageni wakitazamana. Akaichukua kompyuta na kibao, akaenda kwa Shangazi.

Kwao dada wa baba haongeleshwi ovyo. Losaline akaketi chini, akakunja miguu, akainamisha kichwa. "Shangazi, nimekosa. Mchoro huu si wangu. Nimefuatiza wa watu."

Shangazi akaweka gongo chini, akaisogeza kompyuta karibu. Akautazama mchoro.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Mkono unakwenda huku, macho yanatazama kule. Sijui nifuate kipi."

"Hebu nipe hiyo kalamu." Shangazi akajaribu kuchora samaki.

"Kalolaine, huyo samaki au kandambili?" akauliza mama mmoja, na wote wakaangua kicheko, Shangazi akiwa wa kwanza.

"Haya, kitendawili," akasema.

"Tega."

"Nalima kwangu, mazao yanaota kwa jirani."

"Boga," wakajibu.

"Hamjapata. Ni hiki kibao." Akamgeukia Losaline. "Sisi tunaposugua rangi hatuutazami mkono. Mkono unahisi njiti zilizo chini, jicho linangoja kinachojitokeza juu. Usiufuate mkono kwa macho. Uache ujifunze njia. Kushona tutasogeza siku nne. Ila mchoro uwe wako, hata ukipinda."

Siku ya kwanza Losaline alichora mistari tu, mamia, bila kuangalia chini. Siku ya pili, maduara. Siku ya tatu alisahau kabisa kwamba ana mkono, akajikuta anachora majani ya mshelisheli ulio uani kwa Lupe: ncha nyembamba kwa mguso mwepesi, mshipa wa kati kwa kukandamiza. Jani moja lilipinda. Akaliacha. Mwalimu wake wa shule akauchapisha mchoro kwenye karatasi kubwa, na akina mama wakashona.

Siku ya harusi ngatu ilikunjuliwa uwanjani, hatua ishirini na zaidi. Bibi mmoja mzee wa ukoo wa bwana harusi akainama, akapitisha kiganja juu ya majani.

"Haya sijawahi kuyaona popote. Nani kachora?"

"Binti wa kaka yangu," akasema Shangazi, akamvuta Losaline mbele. "Kwa kibao na kompyuta."

"Kompyuta inajua mshelisheli wa kwenu?"

"Haijui. Anaujua yeye." Shangazi akamwekea Losaline mkono begani. "Mwanangu, chombo kizuri kinabeba kile ulichokiweka ndani yake. Ulipokiwekea kazi ya watu, kilinibebea aibu. Ulipokiwekea jasho lako na ukweli wako, umetuletea haya. Ukitaka kusifiwa, sifiwa kwa mkono wako."

Bibi yule alikuwa bado ameinama, akifuata kwa kidole lile jani lililopinda.