Redio ya Marehemu Shemeji

Gari lilikuwa limezimwa na ufunguo uko juu ya meza ya gereji, lakini spika za nyuma zilikuwa zinahema.

"Ndivyo linavyofanya," dada mtu alisema. "Na kukicha betri imekufa fofofo."

Fundi hakushtuka. Kazi yake ni redio za magari, na gari linalomaliza betri likiwa limezimwa ni ugonjwa aliouzoea kama mafua. Kilichomtia wasiwasi ni dada yake. Tangu afiwe na mume alikuwa amekonda mpaka bangili inapanda hadi kwapani. Majirani, ambao midomo yao haina komeo, walisema analala ndani ya gari hilo na bwana mpya. Bwana mpya ni uongo wao. Ila kulala, alikuwa analala kweli.

"Bado unamlilia shemeji?"

"Silii, mdogo wangu. Naongea naye."

Shemeji! Mtu mwema, lakini ulimi wake ulikuwa na visiki. Siku ya kuposa alianza salamu chai ikiwa ya moto, akazimaliza imepoa, na bado hajasema alichojia.

Fundi akachomoa fyuzi moja baada ya nyingine, jicho kwenye mita, akingoja mshale ushuke. Haukushuka. Akakwangua kutu kwenye waya wa hasi, pale unapofungwa kwenye bodi, akaukaza upya. Mambo yaleyale. Mwishowe akaing'oa betri yenyewe, akaitua sakafuni.

Spika zikaendelea kuhema.

Ikaja harufu ya nywele zinazoungua. Mita, ambayo waya zake zilikuwa bado zimeng'ata amplifaya, kile kikuza sauti cha redio, kule kwenye buti, ilikuwa ikipanda na kushuka taratibu kama kifua cha mtu aliyelala, na fundi akaufuata waya kwa kidole, akapita chini ya zulia, akapita chini ya viti, akitafuta umeme huu unatoka wapi ilhali betri iko miguuni pake, ndipo akauona mkono wa dada yake umeshika chuma cha mlango, na kila mshale ulipopanda, shingo yake ilizidi kulegea.

"Dada, toa mkono hapo."

"Kwani mkono umefanya nini?"

"Toa tu, nakuomba."

Akautoa. Mshale ukalala kwenye sifuri. Akaurudisha mkono, mshale ukaruka.

"Mke wangu," spika zikasema, sauti laini kama mafuta, "usimsikilize huyo. Ingia, ufunge mlango, tulale."

Uso wa dada ukachanua kama wa bibi harusi, mguu mmoja ukawa tayari uko ndani, na fundi akamkamata kiunoni na kumvuta kwa nguvu zote akipiga kelele, "Si yeye! Hebu sikiliza, dada! Shemeji alikuwa na kigugumizi! Lini alisema maneno matatu bila kukwama?"

Dada akaganda. Na ndani ya gari kukawa kimya, kimya cha mwanafunzi anayesikiliza somo.

Fundi akakata waya zote, akaing'oa redio, akaipiga nyundo pamoja na spika mpaka zikawa makapi. Dada akaangua kilio, cha kwanza tangu mazishi. Fundi akamchukua nyumbani kwake.

Jioni dada alikula, akaongeza, akaongeza tena.

"Wifi, utakula na sufuria!" mke wa fundi akamtania.

Wakacheka wote. Fundi akajiona mwanamume kati ya wanaume.

Dada akainuka kwenda kupunga hewa dirishani, akashika nondo. Pale rafuni, karedio kadogo ambako watoto walishakatoa betri zamani wakazichezea, kakakohoa.

"M-m-m... mke w-w-wangu."

Fundi akadondosha kikombe. Dada hakuutoa mkono. Akamgeukia, anatabasamu, shingo imeanza kulegea.

"Umemsikia, mdogo wangu?" akanong'ona. "Sasa ndiye mwenyewe."