Wekundu Usio na Uso

Ijumaa ya kwanza ya Rajabu, mwaka 1905, saa tisa alasiri, Mwantumu aliona ukuta wa chumbani umelowa.

"Fundi wa kusifiwa," alimwambia mumewe, "chokaa yako mwenyewe imekushinda?"

Bwanaheri hakucheka. Chokaa ile ilikauka tangu Jumanne. Doa lilikuwa jekundu, refu kama mtu, lina mabega na mikono, ila juu ya mabega hapakuwa na kitu. Lilinuka mafuta ya mbarika.

Mohoro yote iliijua kazi yake. Alichora nyuso kwenye kuta za baraza, na uso ukawa wa mwenyewe hasa. Chini ya shingo hakuchora mwili. Aliweka rangi tupu. Nyeupe kwa aliyetulia, nyeusi kwa mfiwa, nyekundu kwa aliyeshika jambo la mizimu. Watu wa pwani walizisoma rangi hizo bila kuambiwa.

Mwezi uliopita akida alimtaka apambe ukuta wa boma la Wajerumani kwa nyuso za watu wa mji. Bwanaheri akamchora pia shemeji yake Abbasi, ndugu wa Mwantumu. Alikuwa amemwona Abbasi akinywa dawa ya vita, maji yenye mtama na mbarika. Angeweza kumpaka nyeupe. Lakini alitaka kazi itimie, asifiwe, akampaka nyekundu, akidhani Mjerumani hasomi rangi. Akasahau kwamba akida ni mtu wa pwani. Kesho yake Abbasi alinyongwa, na Mwantumu akabaki kuwalaani wapelelezi asiowajua, huku mumewe akiitikia amina.

Bwanaheri alilikwangua doa, akapaka chokaa. Kesho yake likarudi, limesogea karibu na mswala wa mkewe. Akalikwangua tena. Siku ya tatu, mchana kweupe, ukuta ukaanza kupumua taratibu kama mtu aliyelala, na harufu ya mbarika ikajaa chumba kizima, na Mwantumu, aliyekuwa akipepeta mpunga mlangoni, akaweka ungo chini, akaingia, akaegemeza mgongo wake kwenye ule wekundu, bega kwa bega, mpaka kichwa chake kikawa ndicho kichwa cha lile doa.

Mwalimu Zaidi wa madrasa akaitwa mbio. Alifukiza ubani, akasoma Ayatul Kursi.

"Ni Abbasi huyu?" Bwanaheri alinong'ona.

"Maiti harudi. Hili ni jini, limepata mlango." Mwalimu akaugeukia ukuta. "Wataka nini?"

Sauti nzito ikatoka kinywani mwa Mwantumu. "Rangi ninayo. Nataka uso. Huu utanifaa."

"Nani kakukaribisha?"

"Muulize fundi."

Mwalimu akamtazama Bwanaheri. "Sema, mwanangu. Usiposema, litaondoka naye."

Bwanaheri akasema yote, macho yake miguuni. Alipokiri kwamba ndiye aliyempaka Abbasi nyekundu, wekundu ukakauka, ukapukutika kama vumbi. Mwantumu akateleza mpaka chini. Macho yalikuwa yake sasa, na alikuwa amesikia kila neno.

"Alifanana?" aliuliza.

"Alifanana, mke wangu."

"Basi ulimtazama vizuri."

Akajifunika kanga, akatoka kwenda kwao Mbwera. Hakugeuka. Bwanaheri alibaki amepiga magoti penye lile vumbi, akashindwa kuuinua uso hata mbele ya Mola wake.

Nasi twaomba: Ya Rabi, msamehe Abbasi bin Mohamedi, umpanulie kaburi lake, umfufue miongoni mwa waja wako wema. Amina.