Mke Mpya wa Shemeji Alininong'oneza Nikiwa Nyuma ya Kamera

Mtoto wa marehemu dada yangu alimkimbilia mwanamke mwingine kwenye mchanga, akamkumbatia miguu, akamwita mama.

Na aliyeshika kamera kuwapiga picha ni mimi...

Ndugu zangu mnaonisoma hapa, naitwa Restuta. Napiga picha Omurushaka, Karagwe: harusi, kipaimara, misiba. Si mtu wa maneno mengi. Hii naiandika nisije nikaisahau.

Dada yangu Evaresta alifariki akijifungua. Mtoto akapona, wa kike, tukamwita Kemilembe. Mume wa dada, shemeji Telesfori, alikuwa mtumishi wa serikali pale Rubwera. Baada ya matanga alimbeba mtoto akahama naye, hatukujua wapi. Namba ya simu akabadili.

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba. Utamshitaki wapi?

Mama yangu akisikia pikipiki inapunguza mwendo barabarani, alikuwa anasimama katikati ya migomba, anasikiliza. Ikipita, anainama tena kupalilia.

Miaka ikaenda hivyo.

Siku moja mwanamke akanipigia. Anataka picha za familia, Bukoba, ufukweni. Wako watatu, wa nne yuko tumboni.

"Niandike jina gani?"

"Andika Mama Kemi."

Sikushtuka. Huku kwetu akina Kemi wamejaa kila nyumba.

Siku ya kazi nikapanda basi la asubuhi. Nilipofika ziwani nikaona mwanaume kakunja suruali hadi magotini, kashika viatu mkononi. Alipogeuka, viatu vikamdondoka.

"Restuta... nani kakuita hapa?"

"Mimi, Baba Kemi," mwanamke mjamzito akadakia. "Nilimpata mtandaoni. Mnafahamiana?"

Shemeji akaangalia pembeni.

"Ni mtu wa Karagwe tu."

Mtu wa Karagwe tu. Mimi niliyempelekea maji ya kuoga siku aliyokuja kuleta mahari. Mimi niliyelia naye kwenye korido ya wodi.

Nilitaka niondoke. Nikamtazama yule mtoto. Akacheka, nikaona mwanya wa Evaresta, pale pale kwenye meno ya mbele.

Nikatoa kamera kwenye begi.

"Piga haraka tuondoke," shemeji akasema.

Kemi hakutaka kutazama kamera. Alitazama mawimbi, akatazama mbwa, akamtazama muuza karanga hadi akapotea. Nilipiga makofi, nikaita jina lake. Kwake mimi nilikuwa mti.

Wapiga picha wenzangu mnajua. Mtoto mdogo akikataa, unamwita mama yake asimame nyuma yako. Mtoto anamtazama mama, na kwenye picha inaonekana ametazama kamera.

Ikabidi nitamke neno ambalo sikutaka litoke kinywani mwangu.

"Mama yake, njoo usimame nyuma yangu."

Akaja. Tumbo lake likanigusa mgongoni. Akapunga mkono juu ya kichwa changu.

"Kemi, huku! Nione meno!"

Kemi akacheka, yuko mabegani kwa baba yake, maji yanawapiga miguuni. Nikabonyeza.

Halafu nikasikia sauti ndogo sikioni.

"Endelea kupiga, dada. Usigeuke."

Nikaendelea.

"Najua wewe ni nani. Ndiyo maana nilikutafuta."

Kidole kikaganda.

"Piga, atashtuka."

Nikabonyeza.

"Naitwa Anonciata. Baba Kemi aliniambia ninyi mlimkataa mtoto."

"Muongo."

"Najua. Nilikuta vitenge vya marehemu chini ya kitanda, na picha yenu wawili mkiwa na sare za shule, majina yenu nyuma yake. Mnafanana hadi inatisha. Mtu aliyekataliwa na wakwe huwasema kila siku. Huyu hawataji kabisa."

"Sasa unataka nini kwangu?"

Akapunga tena mkono, akaita, "Kemi wangu, bado kidogo!" Kisha akarudi sikioni.

"Naogopa. Nikienda kujifungua nisirudi, Kemi atabaki na nani anayemjua mama yake?"

"Usiseme hivyo. Utarudi."

"Na Evaresta hamkumwambia atarudi?"

Nikabonyeza tena.

"Mbona hizo picha haziishi?" shemeji akaita kutoka majini.

Anonciata akamfuata, akampokea mtoto, akaja naye hadi kwangu, akaniwekea mikononi.

"Kemi, huyu ni mama yako mdogo. Mdogo wake na mama aliyekuzaa."

"Anonciata..." shemeji akasema, anatoka majini.

"Nimechoka kuishi na mtu asiyetajwa, Baba Kemi. Nyumba yenyewe ndogo."

Kemi akanikagua. Akavuta mkanda wa kamera.

"Nataka soda."

Tukacheka, mimi na Anonciata. Shemeji naye akaanza kucheka, kikatoka kilio. Akakaa chini kwenye mchanga na suruali yake safi.

"Nikikuona, Restuta, nasikia nesi ananiita tena. Una sura yake yote. Ningefanyaje?"

"Ungekuja tulie pamoja, shemeji."

Akafuta macho kwa mkono uliojaa mchanga, yakazidi kutoka machozi.

Nikapiga picha ya mwisho. Anonciata kambeba Kemi, Kemi kamwekea kiganja shavuni, shemeji kakaa mchangani nyuma yao.

Wiki iliyofuata walikuja nyumbani. Mama alimbeba Kemi hadi mgongo ukamuuma, akakataa kumshusha. Anonciata akaingia jikoni, akamenya ndizi kama aliyezaliwa pale. Mama akamwita mwanangu. Akaitika.

Natamani niishie hapo...

Anonciata alikwenda kujifungua. Mtoto alirudi nyumbani, wa kiume, mzima. Yeye hakurudi.

Shemeji akanipigia.

"Inatakiwa picha ya kuweka mbele ya jeneza. Hana nyingine nzuri zaidi ya ile ya ufukweni. Umkate abaki peke yake."

Nikakaa kwenye kompyuta. Nikamtoa shemeji. Nikalitoa ziwa. Nikamtoa Kemi, nikabaki na kiganja chake kwenye shavu. Nilijaribu kukifuta, shavu likaharibika. Nikakiacha.

Msibani nilikaa kwenye nyasi zilizotandikwa chini, pamoja na akina mama. Wengi walikuwa watu wa kwao Anonciata, hawanijui. Mmoja akaniuliza kwa upole:

"Binti, wewe ni nani wa marehemu?"

Nikafikiri. Mdogo wa mke aliyemtangulia. Udugu huo unaitwaje? Mahali pote pale sikuwa na jina.

"Mpiga picha," nikasema.

"Oo. Sasa ule mkono mbona umeuacha? Ni wa nani?"

"Wa mwanawe."

Akatikisa kichwa, akasogea, akanipa nafasi nikunjue miguu.

Ndugu zangu, msiwafiche marehemu kwa watoto. Watajeni majina. Semeni walipenda nini, walicheka vipi, walipika nini. Mimi nilimchukia yule mwanamke kwa kukaa mahali pa dada yangu, kumbe ndiye peke yake aliyekuwa anamtunzia nafasi yake.

Sasa Kemi ana mama wawili wa kusimuliwa. Shemeji bado hawezi kuwataja. Mama anamjua zaidi mmoja. Wa kuwasimulia wote wawili nimebaki mimi.