Tone Moja, Kisha Futa

Duka la vifaa lilikuwa limefurika asubuhi ile, watu wamebanana mbele ya kaunta kama njiti za kiberiti, kila mmoja anataka kuhudumiwa wa kwanza. Kijana mmoja mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikono ina makali, alipaza sauti:

"Nipe grisi. Ile nzito ya magari."

"Gari gani?" muuzaji akauliza.

"Si gari. Ni gitaa."

Watu wakacheka. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake hakucheka. Alivaa gauni la buluu lenye mifuko mikubwa, bisibisi inachungulia kutoka mfuko mmoja, na kitambaa cha kichwa amekifungia kisogoni kisimwangukie machoni. Kazi yake ilikuwa kutengeneza cherehani. Mtaa mzima ulimwita Tone, kwa sababu kila aliyempelekea mashine aliondoka na wosia uleule: tone moja, kisha futa.

"Gitaa linapakwa grisi wapi, kaka?" akauliza. "Shingoni?"

"Langu halikumbatiwi, dada. Limelala kama meza, lina miguu na pedali chini. Nikikanyaga, vyuma vinavuta nyuzi, sauti inapanda kama mtu anayeomboleza. Sasa pedali nayo inaomboleza. Jana watu walidhani jukwaani kuna panya."

"Ukitia grisi panya atanyamaza, na gitaa litanyamaza naye. Grisi inakamata vumbi, vumbi linageuka udongo. Lilete kwangu. Kitu chenye pedali hakinitishi."

Alilileta mchana uleule, katika sanduku zito lililomwinamisha bega. Wanamuziki wenzake walimwita Mtelezo, kwa kile kipande cha chuma alichokitelezesha juu ya nyuzi. Akakaa kwenye benchi la wateja, akatazama.

Tone alilipindua gitaa juu ya blanketi kuukuu, tumbo juu, akaliangalia kitambo kabla ya kuligusa. Fito nyembamba, springi, viungo vidogo vidogo; kila pedali na njia yake mpaka kule nyuzi zinakoishia. Akatoa vumbi kwa brashi laini. Akafuta mafuta ya zamani yaliyoganda kama gundi. Kisha akachovya sindano katika chupa ya mafuta mepesi ya cherehani, akakigusisha kila kiungo tone, akaisukuma pedali kwa kiganja ili yapenye, na yaliyozidi akayafuta kwa kitambaa cha pamba.

"Mbona unayatoa tena?"

"Yaliyoingia ndiyo yanayofanya kazi. Yaliyobaki nje yanajionyesha tu."

"Na nyuzi?"

"Zifute jasho ukimaliza kupiga. Wewe hufuti lako?"

"Nafuta."

"Basi nazo zina haki."

Upande wa pili wa chumba, shangazi yake Tone, aliyekuwa akiuza vifungo na uzi, alikohoa bila kuwa na kikohozi.

Pedali ikanyamaza. Wiki haikuisha, Mtelezo akarudi nayo inalia. Ikatengenezwa, akarudi tena. Kati ya kurudi na kurudi kukazaliwa simu.

"Haloo, Tone la moyo wangu."

"Sema, mteja."

"Mteja tena? Jana uliniita kwa jina."

"Jana hukuniambia kwamba inalia."

"Inalia kwa kukukumbuka, mpenzi."

"Mwambie anayeikanyaga apunguze ubabe. Umekula lakini?"

"Sijala."

"Kale kwanza, halafu ndiyo uniite mpenzi."

Alipokata simu, shangazi alikuwa akimtazama juu ya miwani.

"Mwanangu, mashine haiugui hivi. Ama gitaa ni bovu, ama mwenyewe ni mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini, shangazi?"

"Muulize aliyempa dawa."

Tone alicheka, lakini moyoni hakucheka sana. Meneja wa karakana ya kushona sare alikuwa amemwahidi kumkabidhi cherehani zote za karakana yake. Kwa kazi hiyo angepata chumba chake mwenyewe, chenye dirisha, asiendelee kugawana taa na vifungo. Na fundi hana cheti kingine zaidi ya jina lake.

Jumapili alasiri bendi ilipiga katika ukumbi mkubwa. Tone alikwenda, amevaa gauni la zambarau lililomkaa kiunoni na viatu vya visigino vya kuazima kwa shangazi. Meneja wa sare naye alikuwepo, meza ya mbele. Katikati ya wimbo wa taratibu, pedali ilitoa mlio, kwii, kisha ikazama isirudi juu. Sauti ikabaki imepinda, mwimbaji kushoto, gitaa kulia. Mpiga ngoma akadaka kipaza sauti:

"Samahanini, wapenzi! Hili gitaa linatengenezwa na fundi cherehani!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mtelezo aliinamisha kichwa, hakusema neno.

Kesho yake meneja alipiga simu. "Fundi, tusubiri kwanza. Gitaa moja limekushinda kila wiki. Chumba kizima cha cherehani utakiweza?"

Mtelezo alipolileta sanduku, Tone hakuitikia salamu. Alilipindua gitaa, akakigusa kiungo cha pedali iliyokwama. Kikavu kama mfupa, chuma kimejichuna. Akakisogeza kidole puani.

"Mafuta ya taa."

Mtelezo akarudi nyuma hatua moja.

"Mafuta yangu hayanuki hivi. Nani ameyaosha?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Likiwa zima, nije na sababu gani?" Mtelezo aliongea akitazama viatu vyake vilivyong'aa. "Nilikuwa nikiosha kidogo tu, lilie kidogo. Sikujua chuma kitalika."

"Mlango huu una komeo? Umewahi kuuona umefungwa?"

"Hapana."

"Ulishindwa kuingia mikono mitupu?"

"Niliogopa, Tone. Mimi mpiga gitaa tu. Nilidhani unalipenda gitaa, si mimi."

"Na juzi watu waliponicheka, uliogopa pia?"

Mtelezo akasogea kando kumpisha.

Tone alikisugua kiungo kwa msasa laini mpaka kikarudi kuzunguka, akatia tone, akafuta, akafunga sanduku. Hakuharakisha, wala hakupunguza kitu katika kazi.

"Chukua. Ulitaka kuja kwangu, ukaja kwa kulikanyaga jina langu. Usirudi nalo."

Simu ya Mtelezo iliita siku nyingi. Aliiacha iite.

"Inalia hiyo," shangazi akasema.

"Ikauke."

"Haya. Ila chuma na chuma vikisuguana bila mafuta vinalika vyote viwili, si kimoja. Umenifundisha wewe."

Mchana mmoja simu iliita, na haikuwa ya Mtelezo. Alikuwa meneja wa sare, anacheka mpaka anapaliwa.

"Fundi, yule kijana wako mrefu kaja hapa, kasimama mbele ya washonaji wote, katamka mwenyewe: gitaa liliharibiwa na mimi, nilikuwa naosha mafuta ya fundi ili nipate kumwona. Washonaji wamemwita Bwana Kibatari mpaka kaona haya! Na nasikia ukumbini nako alisema hayohayo, kwenye kipaza sauti kilekile. Njoo Jumatatu uone mashine."

Tone alishukuru, akaweka simu, akaendelea kufunga skrubu. Ilikuwa imeshakaza. Akaendelea kuifunga.

Mtelezo alikuja Jumamosi, na sanduku. Akasimama kizingitini.

"Nilikwambia usirudi nalo," Tone akasema.

"Lisikilize tu."

Alilisimamisha, akakanyaga pedali moja baada ya nyingine. Hakuna kilichosikika. Tone alipiga goti, akapitisha kitambaa cheupe chini ya kila kiungo. Hakikuchukua tone wala vumbi.

"Nani kalitunza?"

"Mimi. Tone moja, kisha nafuta."

"Sasa lina ubovu gani?"

"Halina."

"Umekuja kufanya nini, basi?"

"Nimekuja."

Shangazi aliacha kuhesabu vifungo. Mtelezo, asiyejua aweke wapi mikono yake mirefu, akaenda kuketi pale alipozoea.

"Inuka hapo," Tone akasema. "Benchi ni la wateja."

Akasimama haraka, uso umemshuka.

Tone akainua ubao wa kaunta, akavuta kigoda na kukiweka kando ya chake. "Pita huku ndani."

Akapita. Akakaa, magoti yakamfika kifuani.

"Na mama yangu nimlete lini?" akauliza kwa sauti ndogo.

Tone alikuwa amekwisha kumpa kitambaa na cherehani ya kufuta. Akageuza uso kama anayetazama dirishani, pasipo na dirisha.

"Mlete," shangazi akajibu kwa niaba yake. "Ila mpekue kwanza. Asije na mafuta ya taa."